Wanafunzi wa Afrika Mashariki: Mipaka imefunguka, kuelewana bado hakujafundishwa

Swali ni la kawaida, na kwa anayeuliza halina ubaya wowote: "Wewe ni kabila gani?" Kwa kijana aliyetoka Tanzania na kuingia katika bweni la wanafunzi mjini Kampala, hilo ni swali la kufungulia mazungumzo. Kwao, Mpare akimtambua Mchaga, utani huanza papo hapo. Lakini chumbani humo yumo pia kijana wa Kigali, ambaye ghafla ameinamia simu yake. Yumo wa Bujumbura, anayemtazama mwenzake wa Kigali kabla ya kusema lolote. Yumo na wa Eldoret, anayecheka kidogo na kujibu kwamba yeye ni Mkenya tu. Hakuna aliyetukanwa wala aliyekusudia kuudhi, lakini mazungumzo yamekatika na aliyeuliza hajui kwa nini.

Mambo ya namna hii yanafahamika kwa yeyote aliyeishi katika mabweni ya vyuo vikuu vya ukanda huu. Kwa miaka zaidi ya kumi sasa, serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa zikiwarahisishia vijana njia ya kuvuka mipaka kwenda kusoma. Zimezungumzia vyeti, ada, vibali na ubora wa kozi. Jambo moja limeachwa mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe: namna ya kuishi, kusoma na kufanya kazi pamoja na mtu wa nchi jirani ambaye anamdhania kuwa anamjua, kumbe hamjui.

Uzoefu wa mabwenini unaonyesha kuwa hiyo dhana ya kujuana ndiyo kikwazo kikubwa kuliko ugeni wenyewe.

Safari iliyoanza zamani

Kusoma katika nchi ya jirani si jambo jipya katika Afrika Mashariki. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere katika miaka ya 1940. Mwai Kibaki alihitimu hapo hapo mwaka 1955, na Benjamin Mkapa akafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1963 kiliundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Nyerere akawa mkuu wake. Mgawanyo wa masomo ulikuwa na maana yake: udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mganda aliyetaka kuwa mwanasheria alilazimika kwenda kuishi pwani, na Mtanzania aliyetaka kuwa daktari alilazimika kwenda Kampala.

Yoweri Museveni alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1967 hadi 1970. John Garang, aliyekuja kuongoza vita vya Sudan Kusini, naye alikaa katika chuo hicho kwa muda, na kufahamiana kwa wawili hao kulikuwa na uzito katika siasa za ukanda huu miaka mingi baadaye.

Chuo hicho cha pamoja kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikachukua sehemu yake. Kilichobaki ni ushirikiano wa vyuo, ambao leo unaratibiwa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao yake Kampala. Baada ya Jumuiya kufufuliwa, Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, ikiwa na vipengele kuhusu uhuru wa watu kusafiri na kutambuliana kwa vyeti vya elimu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mwezi Mei 2017, wakuu wa nchi waliokutana Dar es Salaam walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Wakati huo huo Jumuiya imekuwa ikipanuka. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Nchi tatu za awali zilizowahi kutawaliwa na mkoloni mmoja na kuandika kwa Kiingereza zimekuwa nchi nane, zenye mifumo ya elimu iliyorithiwa kutoka Uingereza, Ubelgiji na Italia, au iliyoathiriwa na elimu ya Kiarabu. Kwa hiyo darasa la mwaka wa kwanza katika chuo cha Kampala, Nairobi au Kigali linaweza leo kukusanya tofauti ambazo Makerere ya miaka ya 1950 haikuzijua.

Lugha moja, maana nyingi

Jibu la haraka linalotolewa kuhusu tofauti hizo ni Kiswahili. Ni jibu lenye msingi. Viongozi wa Jumuiya waliridhia mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Uganda, ambayo katiba yake ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, iliamua Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kongo inakitambua kuwa moja ya lugha zake nne za taifa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao Zanzibar.

Hata hivyo, lugha inayofanana huficha tofauti kuliko lugha ngeni. Mkenya akimwambia mhudumu wa mgahawa wa Dar es Salaam "nipe chai", anasema jambo la kawaida kabisa kwa masikio ya Nairobi. Mwenyeji wake husikia amri, kwa kuwa yeye angesema "naomba chai". Ukigeuza hali hiyo, "naomba" ya Mtanzania inaweza kumshangaza Mkenya, ambaye huhusisha neno hilo na mtu anayesali au anayetaka kupewa bure. Kila mmoja amezungumza Kiswahili sahihi cha kwao. Mmoja ameonekana hana adabu, mwingine ameonekana mnyonge.

Neno "pole" lina kisa kama hicho. Kwa Mtanzania ni neno la kumliwaza aliyepatwa na jambo, na mtu aliyekosa husema "samahani". Mkenya mara nyingi hutumia "pole" kuomba radhi. Mwanafunzi wa Nairobi aliyemwaga uji juu ya daftari la mwenzake na kusema "pole" anaamini ameomba msamaha. Mwenye daftari anahisi kuwa ameonewa huruma na mtu yule yule aliyemharibia.

Kwa Mkongo wa Lubumbashi au Goma, kumwita mwenzake "yaya" ni kumheshimu kama kaka au dada mkubwa. Nairobi na Dar es Salaam, yaya ni mtumishi anayelea watoto. Salamu nazo zina njia zake. Mtanzania humpa pole aliye kazini: "pole na kazi." Mganda humpongeza: "gyebale ko." Mgeni anayesikia salamu hizo kwa mara ya kwanza anaweza kujiuliza anapewa pole kwa msiba gani, au anapongezwa kwa kazi ipi ilhali ametoka tu kulala. Salamu zote mbili zinafanya kazi moja ya kutambua kuwa mwenzako anahangaika kwa jambo lenye maana.

Nchini Uganda, Kiswahili chenyewe kina historia inayomtangulia mwanafunzi. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za wakoloni, na wakati wa utawala wa Idi Amin kilisikika zaidi katika vizuizi vya barabarani na kutoka vinywani mwa wenye bunduki. Kwa baadhi ya wazee wa Kampala, Kiswahili bado kina mwangwi wa miaka hiyo. Mwanafunzi wa Kitanzania au wa Kikongo anayemwendea mwenye nyumba kwa Kiswahili, akitegemea kupokewa kama ndugu, anaweza kupokewa kwa ubaridi asiouelewa. Kijana wa Kiganda wa umri wake huenda asiwe na kumbukumbu hiyo hata kidogo, kwa hiyo naye hawezi kumfafanulia.

Saa na vyeti

Tofauti nyingine zina gharama inayoonekana mara moja. Mhadhiri au kiongozi wa kundi la masomo anaposema kwa Kiswahili kwamba watakutana saa mbili, Mkenya na Mtanzania wanajua ni asubuhi baada ya jua kupanda. Mnyarwanda na Mganda nao huhesabu hivyo katika lugha zao. Mwanafunzi wa Juba aliyezoea hesabu ya saa ya Kiarabu, inayoanza usiku wa manane, anaweza kufika saa sita baadaye na kukuta chumba kitupu. Isitoshe, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo na, tangu Februari 2021, Sudan Kusini ziko nyuma ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa saa moja. Somo la mtandaoni lililotangazwa bila kutaja ni saa ya nchi ipi huanza na wanafunzi pungufu.

Katika ofisi za udahili, kutoelewana kunaweza kumgharimu mtu mwaka mzima. Mkongo anaposema ana diploma, mara nyingi anamaanisha diploma ya serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari. Afisa wa Kampala au Nairobi anafikiria stashahada ya chuo. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, mtu alisoma miaka mitatu kupata "graduat", kisha miwili zaidi kupata "licence", neno ambalo sikio la Kiswahili hulipeleka haraka kwenye leseni. Alama nazo huhesabiwa kati ya 20 katika mifumo iliyotokana na Kifaransa, na mwalimu anayetoa 14 ametoa alama nzuri. Mtu asiyejua hilo huigeuza kuwa asilimia 70 na kumwona mwombaji kuwa wa kawaida tu.

Darasani, kimya ndicho kinachosomwa vibaya zaidi. Mwanafunzi wa Burundi au Kongo ambaye amesoma kwa Kifaransa hadi sekondari anatumia wiki za kwanza kutafsiri kichwani kila sentensi ya mhadhiri. Mtanzania, ambaye sekondari yake ilikuwa kwa Kiingereza katika vitabu lakini kwa Kiswahili katika mazungumzo, anaweza kuandika insha nzuri na bado akasita kunyanyua mkono. Mnyarwanda, ambaye nchi yake iliamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza, huenda ana wazazi waliosoma kwa Kifaransa na walimu waliokuwa wakijifunza lugha hiyo pamoja naye. Wote hao hukaa kimya kwa sababu tofauti. Mkenya aliyezoea kubishana katika semina huwaona hawajasoma. Wao humwona anajitangaza. Kazi za makundi zinapogawiwa, anayezungumza huchukua uongozi, na wanaonyamaza hupewa kupiga chapa.

Swali la kabila

Katika yote haya, hakuna jambo zito kama lile lililoanza chumbani: nani anaruhusiwa kumuuliza nani asili yake. Hapa tofauti kati ya majirani hazitokani na tabia za watu tu. Zimeandikwa katika sheria na kuachwa na vita.

Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya mwaka 1967, na labda kwa sababu hiyo swali hilo mitaani limebaki jepesi, la utani. Kenya huuliza na kuchapisha idadi ya kila jamii katika matokeo ya sensa. Lakini baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,000 katika muda wa miezi miwili, jina la ukoo peke yake linaweza kubadili hali ya hewa mezani.

Nchini Rwanda, kabila liliandikwa katika vitambulisho tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1994, vitambulisho hivyo vilitumika vizuizini kuamua nani afe katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baada ya hapo kabila liliondolewa katika nyaraka, na sheria zinakataza kauli za kuwagawa wananchi. Kijana wa Kigali aliyezaliwa baada ya 1994 amekua akijua kwamba swali hilo haliulizwi. Anapoulizwa na mtu anayetabasamu, hana mahali pa kuliweka.

Burundi ina jamii zile zile na lugha inayokaribiana sana na Kinyarwanda, lakini ilichagua njia iliyo kinyume. Katiba ya mwaka 2005, iliyofuata makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000, iliweka wazi mgawanyo wa viti serikalini na bungeni: asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi. Mpango huo uliendelezwa katika katiba ya mwaka 2018. Kwa Mrundi, kulitaja jambo hilo waziwazi kumehesabiwa kuwa njia ya kulituliza. Kwa Mnyarwanda, kutolitaja ndiyo njia. Vijana wawili wanaoelewana karibu kila neno wanaweza kuumizana kwa sababu kanuni za kunyamaza hazifanani.

Mivutano ya nchi nayo huingia hadi mabwenini. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa mwaka 2019 na kufunguliwa mwaka 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, wanafunzi wa Kongo waliokuwa ughaibuni walikuwa wakitafuta habari za wazazi wao kwa simu huku wakiendelea kuketi darasa moja na wenzao wa Rwanda, nchi ambayo Umoja wa Mataifa umesema inawasaidia waasi hao, madai ambayo Kigali inayakanusha. Hakuna kozi ya mawasiliano inayoweza kumaliza mgogoro wa aina hiyo. Lakini mwanafunzi anayejua kutenganisha mtu na serikali yake, na anayejua kumuuliza mwenzake "nyumbani wako salama?" bila kumtaka ajibu kwa niaba ya taifa, huleta tofauti katika kile kinachotokea chumbani usiku huo.

Kwa nini jirani ni mgumu kuliko mgeni wa mbali

Mtaalamu wa Marekani Milton Bennett alipendekeza mwaka 1986 kwamba watu hupita hatua sita katika kuzoea tamaduni nyingine, kuanzia kukataa kuwa tofauti zipo hadi kuzimudu. Hatua ya tatu ndiyo inayowahusu zaidi majirani. Katika hatua hiyo mtu hakatai tofauti, ila huzipunguza: husema kuwa sote ni binadamu, sote ni Waafrika, mengine ni madogo. Ni mtazamo mwema, na ndiyo maana ni vigumu kuutoka. Mtu aliye hapo huona hana cha kujifunza, na mwenzake anapoudhika humwona ana kisirani.

Linganisha na kijana wa Dodoma au Gitega anayepata ufadhili wa kusoma China au Uturuki. Kwa kawaida, programu za serikali za nchi hizo humpa mwaka mzima wa kujifunza lugha kabla ya masomo yenyewe. Familia humwonya kuhusu baridi, chakula na desturi. Yeye mwenyewe anafika akiwa tayari kukosea na kuuliza. Mwenzake anayekwenda Kampala hupanda basi jioni, hufika kesho yake na kuanza masomo wiki hiyo. Hakuna aliyemwandaa, kwa kuwa hakuna aliyeona kuwa anakwenda ugenini.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kumgeuza kila mwanafunzi kuwa kielelezo cha bendera yake. Vijana wengi wa Sudan Kusini wamekulia katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992, au katika makazi ya wakimbizi ya Uganda, nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote barani Afrika. Kijana kama huyo anaweza kuzungumza Kiswahili cha Turkana au Kiganda cha mitaani kuliko Kiarabu cha Juba. Msichana wa Kisomali anayekataa kumpa mkono mhadhiri wa kiume huenda anafuata dini yake, wala hamdharau mtu, na mwenzake wa Mogadishu aliye kando yake anaweza kutoa mkono bila kusita. Orodha ya desturi za kila taifa haitoshi. Kinachohitajika ni uwezo wa kusitisha hukumu kwa muda, kuuliza kwa staha na kusikiliza jibu.

Mzigo umebebwa na mgeni peke yake

Pale vyuo vinapofanya jambo, mara nyingi ni semina ya siku moja au mbili kwa wanafunzi wa kigeni: ofisi ya uhamiaji iko wapi, ada hulipwaje, maktaba hufunguliwa lini. Wenyeji hawaalikwi. Ujumbe unaobaki ni kwamba mgeni ndiye mwenye tatizo, na kazi yake ni kuzoea.

Wanafunzi nao hujitafutia njia. Vyama vya Watanzania, Wakenya, Warundi au Wasudani Kusini hupokea wageni kituo cha basi, huwatafutia vyumba na kuchangia mgonjwa au msiba. Bila vyama hivyo wengi wangerudi nyumbani muhula wa kwanza. Lakini mtu anaweza kuishi miaka mitatu ndani ya chama hicho, akala chakula cha kwao, akasoma na wa kwao, na kurudi na shahada ya Uganda bila kuwahi kuwa na rafiki Mganda.

Michael Byram, mtafiti wa Uingereza aliyeandika kwa kina kuhusu suala hili mwaka 1997, alisisitiza kwamba lengo la kujifunza lugha lisiwe kumwiga mzawa. Mtu wa kuigwa, kwa maoni yake, ni yule anayeweza kusimama kati ya pande mbili na kufasiri kila upande kwa mwingine. Kwa kipimo hicho, hata mwenyeji ana somo la kusoma. Mganda anayejua kwa nini mgeni wake hakuitikia "gyebale", na Mtanzania anayejua kwa nini "nipe" ya Mkenya si matusi, wamepata ujuzi ambao hakuna mtihani unaoupima.

Zipo njia zisizo na gharama kubwa. Mojawapo ilichapishwa na UNESCO katika mwongozo ulioandaliwa na mtaalamu Darla Deardorff, na kujaribiwa katika nchi kadhaa, ikiwamo Zimbabwe. Watu wachache huketi pamoja, kila mmoja husimulia kwa dakika chache tukio la maisha yake, na wengine husikiliza bila kumkatiza wala kumjibu hadi wote wamalize. Kwa jamii zilizolelewa na masimulizi ya jioni, haliwezi kuwa jambo geni. Hatua nyingine ni ndogo zaidi: kuandika saa kwa tarakimu, kutaja ni saa ya nchi ipi, kuwapa maafisa wa udahili jedwali la vyeti na alama za nchi nane, kuchanganya makundi ya kazi, na kumpangia kila mgeni mwenyeji wa mwaka wa juu atakayemwongoza, naye akajifunza kwake.

Pingamizi na kinachoweza kupotea

Wapo wanaoliona suala hili kuwa dogo mbele ya uhaba wa mabweni, wahadhiri na fedha. Husema pia kwamba vijana wa leo wana muziki wa Bongo Fleva, mpira na mitandao ya kijamii, na watazoeana wenyewe. Hoja hiyo ina ukweli. Nyimbo zimewafundisha vijana wa Kigali na Bujumbura Kiswahili kingi kuliko shule. Lakini kucheza wimbo mmoja hakumsaidii mtu kujua la kufanya pale alipomuumiza mwenzake bila kukusudia.

Historia nayo inaonya dhidi ya matumaini makubwa mno. Mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, Nyerere alikuwa rais wa Tanzania na Kibaki waziri wa fedha wa Kenya. Wote wawili walikuwa wamesoma Makerere. Kusoma mahali pamoja hakukuzuia mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa. Masilahi ya nchi na siasa zina nguvu kuliko kumbukumbu za bwenini.

Hata hivyo, Jumuiya ya sasa inategemea watu wa kawaida zaidi kuliko ile ya kwanza: wahandisi wanaoomba kazi nchi jirani, madaktari wanaofuatilia mlipuko mmoja wa ugonjwa pande mbili za mpaka, wafanyabiashara, waandishi, maafisa wa forodha. Wengi wao wako mabwenini hivi sasa. Watakachojifunza kuhusu jirani yao, au watakachodhani wamejifunza, ndicho watakachorudi nacho makazini kwa miaka thelathini ijayo. Anayeondoka akiamini kuwa Wakenya hawana adabu, Watanzania ni wavivu wa kusema na Wanyarwanda ni watu wa siri, ameondoka na shahada pamoja na dharau tatu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inamtarajia mwenyeji naye apate kitu. Katika chumba kile cha Kampala, jambo la manufaa halingekuwa kumkaripia kijana wa Tanzania kwa swali lake. Lingekuwa mmoja wa wenzake kumweleza, baadaye na kwa upole, kwa nini kimya kiliingia, na yeye kueleza kwa nini nyumbani kwao swali hilo huleta kicheko. Mazungumzo hayo ya dakika kumi hayamo katika itifaki yoyote ya Jumuiya. Kwa sasa, kufanyika kwake kunategemea bahati ya nani amepangiwa chumba na nani.